Ng'ombe Waliotoka Kabla ya Kukamuliwa

Bhoke alifungua zizi kabla jua halijachomoza, ng'ombe wakiwa hawajakamuliwa, akawaswaga kwenda chini kwa haraka ambayo haikuwa kawaida yake. Kama mtu mmoja tu angemuuliza siku ile kwa nini ametoa ng'ombe na maziwa yao, mengi yaliyofuata yasingefuata. Hakuna aliyemuuliza. Wanaume walikuwa wanatazama chini, wanatafuta nyayo. Hakuna aliyetazama viwele.

Ulikuwa mwaka wa 1954, masika yakielekea kuisha, ardhi bado laini. Usiku yowe lilikuwa limepita kilima hadi kilima, likitokea upande wa Turwa, na kila aliyelisikia alijua maana yake: ng'ombe wameibwa, na wenyewe wako njiani wanafuata nyayo. Nyaisara kilikuwa kitongoji cha miji michache, kila mji ukiwa makazi ya familia moja, kati ya Genkuru na mto Mara. Watu wake walisikia, wakajigeuza upande wa pili, wakalala. Yowe likiwa mbali ni la wengine.

Sheria ya nyayo ilikuwa ya zamani kuliko boma la Tarime, na Mwingereza aliikuta akaiacha kwa sababu ilimpunguzia kazi. Nyayo za ng'ombe wa wizi zikiingia katika ardhi ya watu, watu hao huzipokea, huzifuata pamoja na wenye mali, na kuzitoa mpakani upande wa pili, ambako wengine huzipokea. Wasipoweza kuzitoa, wanalipa. Zikipotea mlangoni pa mji fulani, mji huo ndio unaoulizwa kwanza. Na anayefuta nyayo kwa makusudi hesabu yake ni moja na aliyeiba.

Bhoke aliijua sheria hiyo kama alivyolijua jina la baba yake. Alikuwa mjane wa Waitara, na hakuzaa. Waitara alipofariki, mdogo wake Nyangwine alitaka kumrithi pamoja na ng'ombe. Bhoke akakataa, akatoa ng'ombe zizini, akaenda kumwoa msichana aitwaye Mogesi. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari, huleta msichana, na watoto ambao msichana huyo atawazaa, hata baba awe nani, ni watoto wa mji ule na hulibeba jina la marehemu. Ni mila, na hakuna Mkurya aliyeweza kusema si mila. Lakini mambo ya mila nayo huchekwa. Vilabuni wanaume waliulizana, "Mume wa Mogesi hajambo?" na Nyangwine ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote.

Mtu ambaye hakucheka alikuwa Joram Odipo, Mjaluo aliyekaa chini ya mji wa Bhoke, karibu na kijito. Joram alikuja kutoka upande wa ziwani enzi za uhai wa Waitara, akiwa na plau na maksai, akiwalimia watu kwa malipo ya nafaka. Waitara aliipenda kazi yake, akamwonyesha mahali pa kujenga. Alikuwa hana meno ya mbele ya chini, yaliyong'olewa kwa desturi ya kwao, na hakutahiriwa. Hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito. Kwa Wakurya mwanamume asiyetahiriwa, hata awe na mvi, barazani ni mtoto. Huketi pembeni na mtu mwingine humsemea.

"Joram, mura, kijana wetu, ingia jandoni mwaka huu," walimtania alipokuwa akigeuza plau mwisho wa shamba. "Tutakuombea kisu kikali."

"Nyinyi kwanza zibeni hayo masikio mliyotoboa," aliwajibu. "Mungu akimwita Mkurya, neno linaingia huku linatokea huku."

Wakacheka, naye akaendelea kulima.

Mwaka ambao Bhoke alimwoa Mogesi, Joram alikuja kulima shamba la mji ule bila kuitwa. Alisimamisha maksai na kuuliza, "Shemeji, mke wa mji huu anaitwa nani, nimsalimu?" Akamsalimu Mogesi kama anavyosalimiwa mke wa mtu. Mogesi alipofikwa na uchungu, mvua ilikuwa imejaza kijito na wakunga walikuwa ng'ambo. Akeyo, mke wa Joram, ndiye aliyempokea mtoto, binti, akamfunga kwa kanga yake mwenyewe. Tangu siku hiyo Bhoke alimwita Akeyo Min Awino, mama wa Awino, kwa jina la mwanawe, kama Wajaluo wanavyoitana, na jioni nyingi wanawake hao watatu walimenya mihogo pamoja, kila mmoja akiongea Kiswahili kilichojaa lugha ya kwao.

Alfajiri ile, basi, kabla ya kufungua zizi, Bhoke alikwenda kutazama shamba lake lililolala, akaziona nyayo. Ng'ombe wanaochungwa hutawanyika, hula huku na huku. Hawa walikuwa wameswagwa: kwato zimechimba kwa mbele, mavi yamedondoka kwa mstari, na pembeni kulikuwa na alama za watu waliokwenda mbio. Zilikata shamba lake na kwenda moja kwa moja kwenye ua wa minyaa wa Joram.

Alisimama akiwaza. Watasema Mjaluo. Nyayo zikionekana uani kwake, nani atamsikiliza, na barazani hana mdomo? Alikuwa na hakika juu ya hilo. Akageuka, akapanda haraka hadi zizini kwake, akafungua.

Alikusudia kuwapitisha ng'ombe uani kwa Joram kwanza, mahali pa hatari zaidi, kisha awarudishe juu wakanyage shamba lote, ionekane kama ng'ombe wa jirani wamepita tu. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ng'ombe waliufuata ua, wakazunguka kona, na hapo wakapata harufu ya maji. Ng'ombe wa asubuhi akishasikia maji hageuki kwa fimbo. Waliteremka hadi kijitoni wakikanyaga kila kitu njiani, na Bhoke alikuwa bado anahangaika nao majini aliposikia pembe kilimani. Watu wa Turwa wamefika.

Walikuja na mikuki, wakiongozwa na mtu mrefu aitwaye Rubeni, ambaye ng'ombe wengi walioibwa walikuwa wake. Shambani nyayo zilionekana kama zimechorwa. Zilifika uani kwa Joram. Kuanzia hapo hadi kijitoni hapakuwa na kitu isipokuwa vurugu ya kwato za ng'ombe wa Bhoke, na ng'ambo ya kijito palikuwa na mawe matupu. Walizunguka huku na huku hadi jua likawa kali. Kisha Rubeni akarudi kwa Joram.

"Ng'ombe wetu wameingia hapa. Wametokea wapi?"

"Hawakuingia," Joram alisema. "Zizi ni hili. Tazameni."

"Naliona. Nakuuliza walikotokea."

Joram alionyesha zizi tena. Rubeni akamgeukia Bhoke, aliyekuwa anapanda kutoka kijitoni, nguo zimelowa hadi magotini.

"Mama, ng'ombe hawa ni wako?"

"Ni wangu."

"Huwa wanapita hapa?"

"Kila siku."

Majibu yote mawili yalikuwa kweli. Rubeni akamshukuru, akaenda zake.

Wazee wakaitisha iritongo, baraza la wanaume ambalo huhukumu kesi za wizi. Simioni, mwanangwa, yaani kiongozi wa eneo lile, aliketi katikati. Joram aliketi pembeni, na kwa kuwa mtu ilibidi amsemee, Nyangwine alisimama kama mkubwa wa miji ya karibu. Hakusema mengi.

"Huyu ni mgeni wetu. Analima vizuri, hana ugomvi. Ardhi tulimpa. Ukoo hatukumpa."

Kila aliyekuwepo alielewa. Nyayo zikiwa za Nyaisara, Nyaisara yote italipa, kila mji na ng'ombe wake. Zikiwa za Joram, atalipa Joram. Hapakuwa na mtu aliyemchukia. Walichotaka ni kutolipa. Simioni akauliza kama yuko mwenye neno jingine, akangoja kidogo, kisha akaamua: mwezi ukiandama, Rubeni na wenzake watarudi, na Joram awe na ng'ombe wao wote tayari au ahame na wachukue alivyo navyo. Alivyo navyo, hata ukiongeza maksai, havikufikia nusu.

Bhoke alipewa habari hizo kijitoni na wanawake wengine. Siku iliyofuata alimfunga kamba mtamba wake mzuri, yule mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, akateremka naye kwa Joram.

"Mwongeze huyu kwenye malipo," alisema.

Joram alimtazama mtamba, akamtazama Bhoke. "Shemeji, watu wote hawa niliowalimia. Hakuna aliyeleta hata mbuzi."

"Mimi si wao."

"Hapana. Wewe si wao." Akaipokea kamba. "Kwa mtu mwingine nisingepokea."

Akeyo alitoka nyumbani akifuta mikono, akamshika Bhoke mabega yote mawili. Bhoke alipanda kilima akiwa amejiambia kwamba ametoa kitu, na ni kweli alikuwa ametoa. Mtamba yule alikuwa na thamani. Jambo moja tu lingemfaa Joram kuliko mtamba, nalo lilikuwa maneno machache kutoka kinywani mwake, na hayo hakuyateremsha.

Jioni moja, Mogesi akiwa anakamua na mtoto amefungwa mgongoni, alisema bila kuinua uso:

"Mama, siku ile sikukamua."

"Siku ipi?"

"Siku ya nyayo. Nilitoka na kibuyu nikakuta zizi tupu. Waliporudi maziwa yalikuwa yanadondoka njiani."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Min Awino aliniuliza kwa nini mtoto alilia sana asubuhi ile. Nikasema ana homa."

Bhoke aliketi juu ya gogo. Akamweleza yote, alichoona na alichofanya, jinsi nyayo zilivyozunguka kona mbele ya ng'ombe wake, na jinsi walivyomshinda majini. Mogesi alimaliza chuchu aliyokuwa nayo, akahamia nyingine.

"Kwa hiyo ulifuta walikopita uani na kuteremka," alisema. "Walipoingilia ukapaacha."

"Nilitaka kupafuta pote."

"Najua, mama. Lakini ulifuta huko walikotokea. Ukisema, watajua kwamba nyayo hazikuishia kwake."

"Nikisema, mimi ndiye niliyefuta. Unajua anavyohesabiwa aliyefuta. Watachukua zizi zima. Zizi likiisha, Nyangwine atasema mji wa kaka yake umekufa. Kaka zako watakuja kukuchukua wewe, na mtoto atakuwa wa nani?"

Hilo lilimhusu Mogesi kuliko lilivyomhusu mtu yeyote. Maziwa yaligonga ndani ya kibuyu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Leo kwa Joram alikuja mtu kutazama plau yake," akaendelea kukamua.

Bhoke alikwenda kwa Nyangwine. Alifikiri kwamba kama shemeji yake angeyasema yeye barazani, kwa lugha ya wazee, jambo lingepokewa taratibu. Alimkuta ameketi mlangoni akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mume wa Mogesi amekuja kunikopa nini?"

Akamweleza. Nyangwine aliacha kuchonga. Akamtazama, kisha akatazama huku na huku kama kuna mtu anayesikia.

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi usiyarudie maneno hayo. Unataka mji wa Waitara uitwe mji wa mwizi kwa ajili ya mtu ambaye hata jando hajui? Akihama atajenga kwao. Wajaluo wana ardhi. Wewe ukifukuzwa utakwenda wapi?"

"Hakuiba."

"Nani amesema aliiba? Nyayo zimepotea kwake, basi." Akarudia kuchonga. "Nenda ukapike, Bhoke."

Alirudi nyumbani, na kweli akapika. Wiki zile zilizobaki alikuwa na nafasi nyingi. Alimwona Joram akipita na plau mabegani, yeye na mnunuzi kutoka Genkuru, mmoja mbele mmoja nyuma. Alimwona Akeyo akivuna mtama ambao ulikuwa bado na maji. Alisema atakwenda kesho kuwaambia, na kesho yake akasema ni heri angoje baraza, kwa kuwa kuwaambia wao bila kuliambia baraza hakutawasaidia. Hoja hiyo haikuwa na kasoro, isipokuwa kwamba ilimpa wiki zaidi.

Mwezi ulipoandama Rubeni alirudi na wenzake. Iritongo ikaketi. Ng'ombe wa Joram walikuwa wamefungwa pembeni, mtamba mwekundu kati yao. Wanawake walisimama mbali, kama ilivyo desturi. Simioni alipouliza kama yuko mwenye neno kabla mali haijakabidhiwa, Bhoke alipita kati ya wanawake, akaja hadi ukingoni mwa mduara wa wanaume.

"Ninalo mimi."

Minong'ono ikapita. Mtu mmoja akasema, "Nyangwine, shemeji yako amepotea njia," na wachache wakacheka.

"Mwanamke ana msemaji wake," Simioni alisema, bila ukali.

"Msemaji wangu nilimpa maneno akayakataa," Bhoke alisema. "Lakini mimi nimeoa. Mahari ilitoka zizini kwangu na nyinyi mlikula ng'ombe wa sherehe. Mtu akioa ana mji, na mwenye mji nyayo zikipita kwake huulizwa. Hamkuniuliza. Ninaomba niulizwe."

Hapakuwa na kicheko tena. Wazee wawili wakainamiana, wakasemezana. Walikuwa watu wa sheria, na hawakupata mahali pa kuikamata hoja ile. Simioni akamwashiria aendelee.

Bhoke alisema kwa ufupi. Nyayo aliziona kabla ya mtu yeyote. Alitoa ng'ombe bila kukamua, kwa makusudi, akawapitisha uani hadi majini. Mogesi ni shahidi. Kama hangefanya hivyo, watu wa Turwa wangeziona nyayo zikizunguka kona.

"Ulitumwa na Joram?" Rubeni aliuliza.

"Joram alikuwa amelala."

"Sasa kwa nini?"

"Nilijua mtasema ni yeye."

Rubeni alifikiri kidogo. "Tulisema," akakubali.

Wazee walijitenga. Waliporudi, hukumu ilikuwa fupi. Nyayo hazikuwa za Joram. Mali yake ifunguliwe. Nyayo zimefutwa na mji wa Waitara, na mji wa Waitara utalipa. Lakini mji wa Waitara ulikuwa ndani ya ukoo, na deni la mji ni deni la ukoo. Hesabu ikapigwa pale pale: kila mji ng'ombe mmoja, mji wa Bhoke wawili kwa kosa lake. Hakuna aliyetaja kufukuzwa. Hakuna aliyemtaja Mogesi. Nyangwine alitoa ng'ombe wake akisema mume wa Mogesi amewatia hasara, na watu wakacheka, safari hii bila ubaya, na pombe ikaletwa. Kitu kilichomnyima Bhoke usingizi mwezi mzima kiligawanywa na kwisha kabla jua halijafika utosini.

Ndipo alipoelewa hesabu yote. Alikuwa na ukoo wakati wote. Wangemnung'unikia, wangemcheka, na wangemlipia, siku ya kwanza kama walivyofanya siku ya mwisho. Mtu ambaye hakuwa na wa kumlipia alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeachiwa mzigo mwezi ule wote.

Jioni Joram na Akeyo walipanda kilima wakimrudisha mtamba. Joram alimfunga mwenyewe kwenye nguzo ya zizi. Alionekana amechoka lakini hakuwa na hasira.

"Umefanya kazi ya wanaume leo, shemeji," alisema. "Asante."

"Plau itarudi?"

"Mwenyewe amekataa. Amekwisha kuilimia. Ni haki yake, alinunua." Akakohoa. "Tumeamua kwenda upande wa ziwani, kwa kaka yangu. Mtama ukikauka tutaondoka."

"Lakini kesi imekwisha. Wamesema wote. Mnaweza kukaa."

Joram akatazama chini. Akeyo ndiye aliyejibu, kwa sauti ile ile ya siku zote, ya mtu anayemenya mihogo.

"Nikuulize neno moja, dada. Ulipoziona nyayo shambani, uliona zinakuja kwetu."

"Niliona."

"Ulizifuata?"

"Watu walikuwa karibu, Min Awino."

"Hawakuwa karibu. Ulipata nafasi ya kupanda hadi huku, kufungua zizi na kuteremsha ng'ombe wote. Kutoka pale shambani, kona ya ua wetu iko karibu kuliko zizi lako."

Bhoke alitazama chini kilimani. Shamba, ua, kona, kijito: vyote vilikuwa vinaonekana. Ilikuwa kweli. Kona ilikuwa karibu zaidi, tena karibu sana.

"Ungefika kona ungeona zinateremka majini," Akeyo aliendelea. "Ungetupigia kelele, tungeamka, tungezitoa pamoja, wewe na mimi na Joram, hata ng'ambo ya mawe. Wale wangefika wangekuta kazi imekwisha. Hukufika kona. Nimejiuliza kwa nini, nimepata jibu moja tu. Ulidhani unajua utakachokuta."

"Nilitaka kuwaficha."

"Ndiyo. Ulikuwa tayari kukaa na wezi na kuwapenda hivyo hivyo. Nimelifikiria hilo, dada, na ni upendo mkubwa. Ndugu zangu wenyewe sijui kama wangenipenda namna hiyo. Lakini siwezi kuamka kila siku nikutazame nikiwa nalijua."

"Akeyo, inatosha," Joram alisema. "Shemeji amesimama mbele ya watu."

"Nilimwona. Nimemshukuru." Akamgeukia Mogesi, aliyekuwa mlangoni, akambusu mtoto kichwani, na wakateremka.

Bhoke alibaki zizini. Alijaribu kukumbuka kilichokuwa moyoni mwake pale shambani, kabla ya woga wa baraza, kabla ya kuwaza watu watasema nini. Alitaka kukuta kitu kinachomkanusha Akeyo. Alichokumbuka ni kwamba alipoona nyayo zinaelekea ule ua, hakushangaa.

Waliondoka mtama ulipokauka. Baadaye kidogo habari zilifika kwamba ng'ombe wa Turwa walionekana ng'ambo ya mto Mara, wakipitishwa njia ya Nyansurura, lakini kwa wakati huo haikuwa na umuhimu kwa mtu yeyote wa Nyaisara. Watu walimsifu Bhoke. Hadithi ya mjane aliyesimama iritongo kwa ajili ya Mjaluo ilisimuliwa hadi Genkuru, na vilabuni wanaume waliacha kumuulizia mume wa Mogesi kwa kejeli. Sasa walimuulizia kwa heshima. Alizipokea sifa hizo kimya, na kimya chake kikahesabiwa unyenyekevu.

Siku moja kijitoni, Agustina, jirani wa upande wa juu, alisugua sufuria kwa mchanga na kuuliza jambo ambalo wengine walikuwa wakijiuliza.

"Hivi kina Akeyo waliondoka kwa nini, na kesi walishinda?"

Wanawake wakamtazama Bhoke. Yeye ndiye aliyekuwa karibu nao.

"Walitaka kuwa karibu na ziwa," alisema.

"Aa, basi," Agustina alisema. "Mjaluo atakaa wapi bila samaki."

Wakacheka wote, kwa kuwa lilikuwa jambo ambalo kila mtu alilijua siku zote. Bhoke akacheka nao. Kutocheka kungehitaji maelezo.